Magugu yameshinda nyasi Bamburi: niajiri kampuni ya bustani au nipambane nayo mwenyewe?

BintiBamburi ameuliza:

Salaam aleikum wana bustani. Nina uwanja wa nyasi wa mita 20 kwa 18 nyuma ya nyumba, Bamburi, Mombasa, upande wa baharini. Nusu yenye kivuli cha mwembe ni nyasi ya Pemba, nusu ya jua ni paspalamu. Chini ni mchanga na mawe ya matumbawe, na juu yake kuna udongo mwekundu wa lori, kama sentimita 15 hivi. Tangu masika magugu yamepata nguvu kuliko nyasi: ndago upande wa jua, mbigiri kando ya njia ya gari, kongwe chini ya mwembe, na majani mapana madogo madogo yametapakaa katikati.

Kampuni moja imenipa bei ya mwezi: kukata nyasi mara nne na "kupiga dawa ya magugu" mara moja. Dawa gani, hawakusema. Kwa sasa kuna kijana anayekata kila wiki mbili kwa mashine yangu, na niko tayari kununua pampu ya mgongoni nifanye kazi hii mwenyewe.

Swali langu: njia ipi itamaliza ndago kweli? Kampuni wana dawa ambayo mimi siwezi kuipata? Maji yangu ni ya kisima, yana chumvichumvi. Nyumbani kuna watoto na paka wawili, na jirani ana mipapai iliyoegemea ukuta wetu. Shukran.

fundi_ukoka amejibu:

Wa aleikum salaam dada. Bei iache kando kwanza, tenganisha magugu. Hayo uliyoyataja hayafi kwa njia moja. Mtu akija na pampu moja yenye dawa moja atakuulia baadhi na mengine atakuachia yakiwa na nafasi zaidi ya kutambaa.

Anza na ndago kwa sababu ndiyo itakayoamua swali lako lote. Hakikisha ni yenyewe. Shika shina la ua ulisokote kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, hiyo ni jamii ya ndago; la mviringo au bapa ni nyasi. Kisha ingiza kisu sentimita 10 hadi 15 uinue udongo taratibu. Ukikuta kokwa nyeusi ngumu, imeungwa na nyingine kwa kamba nyembamba kama waya, ndiyo. Ukikosa kokwa, na ua lake ni kidonge cheupe cha duara, hiyo ni ndugu yake anayependa mahali panapolowa kila siku. Huyo punguzia maji kabla hujanunua chochote.

Ndago ya kokwa ndiyo ngumu. Kila kokwa ina macho kadhaa. Ukivuta jani, shingo hukatika chini ya udongo na jicho jingine huamka, ndiyo maana watu husema "nimeng'oa moja zikatoka tatu". Lakini kila chipukizi linagharimiwa na akiba ya kokwa, na la kwanza hula sehemu kubwa kuliko yote. Ukiliondoa kila linapotokeza, kabla majani hayajafika matano au sita, kokwa haipati kitu cha kurudisha ghalani. Ukichelewa, hesabu inageuka: kwenye joto kama letu, kokwa mpya huanza kutengenezwa kati ya wiki ya tatu na ya sita tangu chipukizi kutoka.

Sasa rudi kwenye ile bei ya mwezi. Dawa mara moja kwa siku 30 ina maana kuna machipukizi yatakayotoka siku ya pili baada ya fundi kuondoka, na atakaporudi yatakuwa yameshaanza kuzaa. Na kule kukata mara nne hakuidhuru ndago, kwa kuwa kitovu chake cha kukua kiko chini ya makali ya mashine. Wiki mbili hadi tatu, bila kuruka, ndiyo mwendo wa kuiua. Mwendo huo mwenye nyumba anauweza kirahisi kuliko mtu anayezunguka nyumba arobaini.

Kwa mabaka madogo, yasiyozidi mita moja ya mraba, chimba. Tumia jembe uma, sentimita 25 hadi 30 kwenda chini, toa donge zima na ulipitishe kwenye chekecheke la wavu wa kuchekechea mchanga wa kujengea. Jembe la kawaida au panga litakukatia minyororo ya kokwa na kuisambaza, kwa hiyo usilitumie hapo. Kokwa zitandazwe juu ya saruji kwenye jua kali hadi zikauke kabisa zikunjamane, wiki mbili ni salama zaidi. Usizitupe kwenye lundo la mboji.

Kwa mabaka makubwa, pangusa dawa ya glaifoseti. Narudia: kupangusa, maana hii inaua nyasi pia. Ndago hukua haraka kuliko paspalamu, basi utumie urefu wake. Acha kukata nyasi siku tano hadi saba, ndago itachomoza juu ya nyasi. Chukua sponji, ifunge kwenye ncha ya kijiti, ichovye, ikamue isitone, kisha pitisha juu ya majani ya ndago pande zote mbili. Kwa kupangusa, lebo nyingi huelekeza sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji. Fuata ya chupa yako. Usikate nyasi kwa siku saba baada ya hapo, dawa ipate muda wa kushuka hadi kwenye kokwa. Mvua isipate kuinyeshea kwa saa sita. Vaa glavu za mpira na gambuti.

Kuna dawa nyingine inayochagua ndago na kuacha nyasi, halosalfuroni. Paspalamu na jamii ya nyasi ya Pemba huistahimili. Kiwango chake ni kidogo mno: kwa ile ya unga wa chengachenga wa asilimia 75, lebo huzunguka gramu 50 hadi 90 kwa hekta, yaani chini ya gramu moja kwa mita 100 za mraba. Bila mizani ya kupimia dhahabu usiiguse. Inachukua wiki mbili hadi nne ndago kugeuka njano, na hurudiwa baada ya wiki sita au nane. Hapa ndipo kampuni ya kweli ina faida kukuzidi: mizani, na pakiti inayogawanywa kwa wateja wengi badala ya kukaa kabatini kwako ikizeeka. Si dawa ya siri. Kama agroveti anayo na ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa hizi, na lebo inataja nyasi za uwanja, unaweza kuinunua.

Mbigiri: ina mzizi mmoja wa kwenda chini. Ikate sentimita mbili au tatu chini ya udongo kabla maua ya njano hayajageuka miiba, basi imekufa. Ikishatoa miiba, ng'oa taratibu kutoka katikati, ukunje mmea mzima ndani ya gunia, halafu buruta kipande cha zulia kuukuu juu ya mchanga ili miiba iliyoanguka inase. Mbegu zake hukaa udongoni miaka, kwa hiyo kagua kando ya njia ya gari kila baada ya mvua. Magurudumu ndiyo yanayoileta.

Kongwe: mkono tu, siku inayofuata mvua, na mizizi yote. Ile ya majani mapana yenye ua la buluu hutoa maua mengine chini ya udongo na kuzaa mbegu humo humo, na kila kipande cha shina chenye fundo kinaota. Glaifoseti haiimalizi vizuri. Anayekuahidi kuimaliza kwa pampu hajawahi kuifuatilia.

maji_ya_mfereji amejibu:

Nakubaliana na fundi. Naongeza jambo linaloharibu kazi ya watu wengi Nyali, Bamburi hadi Shanzu: maji ya kuchanganyia.

Visima vyetu vimechimbwa kwenye matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Glaifoseti ikikutana na chokaa hushikana nayo, na iliyoshikwa haipenyi kwenye jani. Unapiga, majani yanageuka rangi kidogo, baada ya wiki mbili ndago imerudi, na lawama inakwenda kwa dawa au kwa muuzaji. 2,4-D aina ya amini, ile dawa ya kuua magugu ya majani mapana, nayo hudhoofishwa namna hiyo hiyo. Jaribu kwa sabuni ya kipande: kama maji yako hayatoi povu, si ya kuchanganyia.

Tumia maji ya mvua uliyokinga, au ya mfereji siku yanapotoka. Ukilazimika kutumia ya kisima, tia kwanza salfeti ya amonia, ile mbolea nyeupe ya fuwele, gramu 10 hadi 20 kwa kila lita. Koroga hadi iyeyuke yote, uchuje kwa kitambaa, kisha ndipo dawa iingie. Ukigeuza mpangilio, chokaa itakuwa imeshawahi. Maji yenye tope pia hayafai, glaifoseti hunata kwenye chembe za udongo.

Ukinunua pampu, ipime kabla ya kutia dawa. Tia lita tano za maji matupu, piga mita 10 kwa 5 kwa mwendo wako wa kawaida na msukumo uleule, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita moja na nusu kwa mita hizo 50. Basi pampu ya lita 15 inatosha mita za mraba 500. Kama lebo inasema lita moja kwa hekta, hiyo ni mililita 10 kwa mita 100, kwa hiyo pampu nzima itaingia mililita 50. Nusu yako ya paspalamu, mita 180, inahitaji mililita 18 ndani ya lita 5.4 hivi za maji; ukitia maji kidogo ya ziada kwa kona, dawa nayo iongezwe kwa uwiano ule ule. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo, na ndicho mafundi wengi wanachotumia.

Nozo, yaani mdomo wa pampu, iwe ile inayotoa ubapa kama upepeo. Ile ya duara inayotoa ukungu iache kwa wadudu, ukungu wake unapeperuka.

Na hapa ndipo mipapai ya jirani inapoingia. Mpapai ni mmoja wa mimea inayoumia upesi kwa 2,4-D. Matone machache tu, na majani machanga yanatoka yamejikunja na membamba kama vidole. Nyanya na mchicha vivyo hivyo. Kwa uwanja wako singepiga 2,4-D kabisa msimu wa upepo wa kusi. Upepo wa mchana huku pwani haukuachi. Halafu nyasi ya Pemba ni jamii inayochomwa na 2,4-D, na paspalamu yenyewe huumia joto likipita nyuzi 30 hivi. Kwa hiyo dawa ambayo kampuni nyingi hubeba ndiyo isiyofaa nusu ya uwanja wako, na nusu iliyobaki inaifaa kwa masharti.

mkono_wa_kijani_Tudor amejibu:

Nimeona haya yote hayahitajiki. Mwagia maji ya bahari au chumvi ya mawe. Paspalamu haifi kwa chumvi, magugu yanakufa. Rahisi.

fundi_ukoka amejibu:

Ndugu, kuhusu paspalamu uko sawa: inastahimili chumvi, na kuna viwanja vya gofu duniani vinavyoinyweshea maji ya chumvi. Ila hapa kuna mwembe, na mwembe hauvumilii chumvi kwenye mizizi. Nyasi ya Pemba inavumilia kiasi tu. Majani mapana madogo yatakauka kweli. Kokwa za ndago zilizo sentimita 15 chini zitabaki. Na chumvi kwenye mchanga juu ya matumbawe inashuka moja kwa moja, na huko chini kuna kisima anachokitumia yeye na majirani. Usifanye, dada. Mafuta machafu ya gari na dizeli navyo usimwage, kwa sababu hiyo hiyo ya kisima.

kizingo_bustani amejibu:

Mnamvuta dada upande mmoja, naomba niutetee upande wa kampuni, kwa sababu kuna hali ambazo kuifanya mwenyewe ni hasara tupu.

Kazi ya ndago inahitaji mtu wa kuitazama kila wiki mbili kwa msimu mzima, na msimu wa pili tena. Kama hakuna mtu wa kudumu nyumbani, au ni nyumba ya kupangisha wageni, au uwanja unazidi mita elfu moja, hiyo ratiba itakatika mwezi wa pili, na ndago iliyoachwa nusu njia hurudi na nguvu zote. Mkataba mzuri unanunua ratiba, na ratiba ndiyo dawa yenyewe. Ubaya wa ile bei aliyopewa ni mpangilio wake. Mwambie abadilishe: badala ya kukata mara nne na dawa mara moja, akate mara mbili na kupitia ndago kwa mkono au kwa kipanguso kila siku 14 hadi 18. Akikataa, ujue anauza mafuta ya mashine, hauzi uwanja safi.

Kabla ya kutia sahihi, uliza haya, na majibu yawe ya maandishi. Dawa gani, jina la kemikali yenyewe na si jina la biashara pekee, na nambari ya PCPB iliyo kwenye lebo. Kiasi gani kwa mita 100. Anayepiga ana leseni ya PCPB ya kazi ya kupiga dawa? Watoto na paka warudi lini uwanjani? Jibu la chini kabisa ni dawa ikauke kabisa, na kama lebo inasema saa 24, ni saa 24. Chupa tupu zinakwenda wapi? Zinasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuza yanarudi ndani ya pampu, kisha chupa zinatobolewa. Chupa nzima isiachwe nyumbani kwako hata kwa dakika moja, itageuka kuwa ya kutilia maji au mafuta ya taa.

La mwisho ambalo watu husahau: mashine zao. Kampuni inakata nyumba nyingi kwa siku, na chini ya kifuniko cha mashine kunaganda udongo, vipande vya kongwe na miiba ya mbigiri. Iandikwe kwamba mashine na gambuti vinafagiliwa na kuoshwa kabla ya kuingia getini. Nyumba safi zinaambukizwa hivi. Dada, wewe tayari una mashine yako na kijana wako, kwa hiyo mlango huo umeufunga. Kwa uwanja wa mita 360 na mwenyewe ukiwepo, hata mimi nisingekuuzia mkataba wa mwezi. Ningekuuzia siku mbili za watu wawili wenye jembe uma na chekecheke, mwanzoni, halafu ukaendelea mwenyewe.

BintiBamburi:

Nawashukuru sana, Mungu awabariki. Nimesokota shina: pembe tatu, na kokwa zipo, mnyororo wa kokwa nne. Naona nitaanza mwenyewe. Maswali matatu yamebaki. Nikishachimba mabaka nitahitaji udongo wa kujazia. Udongo mwekundu wa lori si ndio uliokuja na ndago? Pili, nianze lini? Tatu, yale majani mapana katikati, kama sipigi 2,4-D, niyafanyeje?

fundi_ukoka amejibu:

Udongo: ndiyo, mara nyingi unaingia na lori. Ukichotwa juu ya shamba lililowahi kulimwa, una kokwa. Usinunue lori kabla ya kuujaribu. Chota ndoo tatu kutoka sehemu tofauti za lundo, mimina kwenye karai zenye matundu chini, mwagia, weka juani, usubiri wiki mbili hadi tatu ukiweka unyevu. Ndago haina subira kwenye joto hili, itatokeza. Samadi ya ng'ombe isiyoiva ijaribu hivyo hivyo. Kwa mabaka yako madogo, rudisha udongo ule ule uliouchekecha, na ukipungua ongeza mchanga safi wa kujengea uliochekechwa. Mchanga wa bahari usilete, una chumvi.

Kuanza: kupangusa kunafanya kazi ndago ikiwa inakua kwa nguvu, yaani udongo una unyevu na majani ni mabichi. Usipanguse katikati ya kiangazi cha Januari na Februari kwenye nyasi isiyomwagiliwa. Ndago iliyosinyaa haishushi dawa. Muda mzuri ni wiki chache baada ya mvua kushika, masika au vuli. Wakati wa kusi mvua hupenda kuja alfajiri, basi ngoja hadi umande ukauke, kama saa tatu hivi asubuhi, upanguse kabla upepo haujachachamaa. Kuchimba ni kinyume: kunafaa kiangazi, udongo mkavu unapita kwenye chekecheke na kokwa zinakaukia juani bila kunyeshewa.

Weka vijiti vyenye kitambaa kwenye kila baka. Nyasi ikifunika, utasahau ndago ilikuwa wapi, na chipukizi moja lililofichika linatosha kuanza mnyororo upya.

Kwa majani mapana, mita 180 unazimaliza kwa mkono. Tumia kisu chembamba cha kung'olea mizizi au bisibisi bapa ndefu, asubuhi baada ya kumwagilia. Mziwaziwa na tako la hasani usiviache juu ya nyasi: tako la hasani hukomaza mbegu hata likishang'olewa, na vipande vyake vinaota. Kuna dawa ya kuzuia mbegu isiote, pendimethalini, hupigwa kabla ya mvua kushika, mwishoni mwa Machi, na kumwagiliwa ishuke kwenye udongo wa juu. Inazuia mbegu tu, ndago ya kokwa haiigusi. Na usiitumie mahali ulipojaza mabaka, maana inazuia pia matawi ya nyasi kushika mizizi.

shanzu_nyasi amejibu:

Mabaka yakibaki wazi, kazi yote hiyo inarudi mwanzo. Ndago haipendi kivuli. Nyasi nene ndiyo inayoizuia baadaye.

Baada ya kuchimba, panda vipande vya paspalamu kila sentimita 10 hadi 15, vikanyage vishikane na udongo, na umwagilie kidogo kidogo asubuhi na jioni kwa siku kumi. Baada ya hapo badilisha: maji mengi mara mbili kwa wiki, jumla kama milimita 25. Weka kopo uwanjani upime. Kumwagilia kidogo kila siku kunalisha ndago na majani mapana kwanza.

Mbolea kwa udongo wetu wa matumbawe: salfeti ya amonia inafaa kuliko CAN, kwa sababu udongo umeshajaa chokaa na CAN inaongeza. Kilo moja hadi moja na robo kwa mita 100, nyasi ikiwa kavu, kisha mwagilia papo hapo isiunguze. Mara moja masika yakianza na mara moja vuli inatosha kuanzia. Ukiona jani changa ni njano na mishipa ni kijani, hilo ni upungufu wa chuma na mbolea zaidi haitasaidia. Nyunyiza salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita, jioni, mbali na saruji na kabro kwa sababu inaacha madoa ya kutu.

Na huyo kijana wa mashine: kila wiki mbili ni mbali mno wakati wa mvua. Paspalamu ikatwe kila wiki kwa sentimita 3 hadi 4, Pemba iachwe sentimita 6 au 7, na isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Pemba ikikatwa hadi kwenye fundo, jua linafika udongoni na kongwe inaota ndani ya wiki. Wiki ambazo unaacha ndago irefuke kwa ajili ya kupangusa, akate upande wa mwembe peke yake. Na mabaka yenye ndago yakatwe mwisho kabisa, kisha asugue chini ya mashine kwa brashi pale pale kabla ya kuirudisha stoo.

BintiBamburi:

Nimeelewa. Kampuni nitawaambia hapana kwa mkataba wa mwezi, nitaulizia watu wawili wa siku mbili kama alivyosema kizingo_bustani. Chekecheke nitanunua Kongowea. Swali dogo: ile wavu ya mchanga, matundu ya ukubwa gani?

fundi_ukoka amejibu:

Milimita 5 au 6. Ukitumia ya milimita 10, kokwa ndogo zitapita. Na watu hao wawili waelekeze wachimbe nje ya baka kwa sentimita 20 zaidi pande zote. Minyororo imeshatembea kuliko majani yanavyoonyesha.